Kifurushi Chako: Basi au Posta?

Siku hizi mshonaji wa Tarime au Mugumu halazimiki kufunga safari hadi Kariakoo kutafuta vitambaa. Huchagua kwa simu, akalipa kwa simu, kisha akangoja. Taabu huanzia hapo penye kungoja.

Wengi hupenda basi, kwani huwahi. Mabasi yaendayo Sirari hupita Tarime, na mpokeaji hupigiwa simu aufuate mzigo wake stendi. Mzigo wa Mugumu hauna budi kuiacha barabara kuu, na huenda ukahamishiwa gari jingine. Je, ukipotea hapo katikati? Ikiwa alama yake ni namba ya simu tu iliyoandikwa juu ya boksi, kondakta atasema alimkabidhi mwenziwe, muuzaji atasema alikwisha tuma, na mshonaji ataambulia patupu, hali wateja wanadai nguo za sikukuu.

Posta huweza kuchelewa, na mara nyingi yakupasa kwenda ofisini mwenyewe. Lakini kifurushi kilichosajiliwa kina namba ya kukifuatilia.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamtaka msafirishaji wa vifurushi awe na leseni. Basi, uliza leseni, na umwombe muuzaji risiti ya usafirishaji inayotaja bidhaa na thamani yake. Kitu cha haraka na cha bei ndogo, kipande basi. Cha thamani, kisajiliwe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.