Mwasmini Wako Hautoi Maua? Fanya Hivi

Jina la Songo Songo linajulikana nchini kote kwa sababu ya gesi. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Lakini leo hatuzungumzi habari za gesi. Tunazungumza habari za kitu kidogo cheupe chenye harufu nzuri. Kitu hicho ni asmini.

Asmini ni ua la heshima katika pwani yetu. Bibi harusi huvishwa koja la asmini. Akina mama hutunga vikuba kwa asmini, rehani na mkadi. Nchi nyingine pia hulithamini ua hili. Wachina hulitumia kutia harufu katika chai. Nchi ya Ufilipino ililifanya kuwa ua la taifa mwaka 1934.

Mtu mwenye mwasmini uliotunzwa vizuri hupamba nyumba yake. Siku ya harusi hana haja ya kutafuta maua mbali. Tena anaweza kuuza koja na kupata fedha ya chumvi na sabuni. Lakini watu wengi wana miasmini yenye majani mengi, na maua hawayaoni. Kwa nini?

Jua, udongo na upepo

Sababu ya kwanza ni kivuli. Mwasmini unapenda jua. Ukiupanda chini ya mwembe utatoa majani tu. Upande mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.

Kisiwani kuna jambo jingine la kuangalia. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi huunguza majani. Kwa hiyo panda nyuma ya nyumba au nyuma ya ua wa makuti. Upepo wa kusi usiupige mmea moja kwa moja, lakini jua lifike. Ua huo utazuia na mbuzi.

Udongo wa visiwa vya matumbawe una mawe mengi ya chokaa. Chimba shimo lenye urefu, upana na kina cha dhiraa moja. Toa mawe. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, au takataka za jikoni na majani yaliyooza. Rudisha mchanganyiko huo shimoni.

Ukiona majani yamekuwa ya njano lakini mishipa yake imebaki ya kijani, jua kwamba chokaa imezidi. Mmea unashindwa kupata madini ya chuma. Ongeza mboji. Usiongeze majivu, kwa maana majivu huzidisha hali hiyo.

Kupanda

Huna haja ya kununua mbegu. Omba tawi kwa jirani. Chagua tawi lililokomaa kidogo, lisiwe laini sana wala gumu sana. Kata kipande cha shubiri moja chenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini. Fukia vifundo viwili katika mchanga wenye unyevu, mahali penye kivuli. Baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo kitatoa mizizi. Kikishika vizuri, kihamishe shimoni wakati wa mvua.

Usitarajie maua mengi mwaka wa kwanza. Subira huvuta heri.

Kukata ndiko kunakoleta maua

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauonea huruma mwasmini wao, hawaukati. Asmini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Matawi ya zamani yasipokatwa, vichipukizi huwa vichache. Maua nayo huwa machache.

Kata mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kuanza. Fuata hatua hizi:

1. Punguza maji kwa muda wa wiki mbili hivi.
2. Tumia kisu kikali au panga dogo. Ondoa matawi makavu na yaliyosongamana.
3. Punguza matawi mengine mpaka karibu nusu ya urefu wake.
4. Weka samadi iliyooza kuzunguka shina, lakini isiguse shina.
5. Mwagilia vizuri. Vichipukizi vitatoka, na vitumba vitafuata.

Kila maua yanapokwisha, kata ncha za matawi yaliyochanua. Mmea utachipua tena.

Usizidishe samadi. Samadi nyingi mno huleta majani mengi na maua machache.

Maji ya kunywa kwanza

Ndugu msomaji, maji ni jambo zito kisiwani. Katika visiwa vidogo vya matumbawe, maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi. Watu wakichota kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda na kisima huharibika. Ua haliwezi kushindana na mtoto mwenye kiu.

Kwa hiyo usichote maji ya kisima kwa ajili ya asmini. Tumia maji ya kuoshea mchele na mboga. Maji yenye sabuni nyingi au chumvi yasitumike. Onja kwa ncha ya ulimi maji safi unayotaka kumwagilia. Ukisikia chumvi, yaache.

Mwagilia jioni, siyo juani. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu au makumbi ya nazi. Matandazo haya hutunza unyevu, na maji machache yatatosha kwa siku nyingi. Mwasmini mmoja au miwili inatosha kwa nyumba moja.

Kuchuma

Asmini hufunguka usiku. Chuma jioni, wakati kitumba kimejaa na kuwa cheupe lakini bado kimefumba. Viweke vitumba katika kitambaa chenye unyevu. Ukivitunga jioni hiyo, vitafunguka vikiwa ndani ya koja. Ukingoja mpaka kesho mchana, harufu itakuwa imepungua na ua litaanza kunyauka. Mnunuzi hatalitaka.

Haya si mambo ya gharama. Yanahitaji kisu, samadi, maji yaliyokwisha kutumika, na macho ya kuangalia. Anza msimu huu na tawi moja. Likishika, mgawie jirani yako tawi jingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mwasmini usiokatwa hutoa maua machache?
2. Nyumbani kwako ni maji gani humwagwa bure kila siku? Yanaweza kufaa mimea?
3. Kisima cha kijiji chenu kinatunzwa namna gani ili kisiingie chumvi?