Chumba Kitete au pembeni ya mji? Hesabu kwanza safari za sokoni

MKULIMA wa Urambo au Sikonge aliyekwisha kulipwa fedha za tumbaku au asali huwa na sababu nyingi za kutafuta chumba Tabora mjini. Yupo mwenye mtoto anayesoma, yupo mwenye mgonjwa anayehudhuria kliniki katika hospitali ya mkoa ya Kitete, na yupo anayetaka kuanza biashara ndogo. Wote huulizwa na dalali swali moja: una shilingi ngapi?

Kwa mfanyabiashara, swali la kwanza lingekuwa jingine: utakwenda sokoni mara ngapi?

Chukua mfano wa hesabu tu. Chumba cha Kitete ni sh 50,000 kwa mwezi na cha pembeni ya mji ni sh 30,000. Cha pembeni kinaonekana rahisi kwa sh 20,000. Lakini muuza asali anayekwenda sokoni siku 26 kwa mwezi, kwa bodaboda ya sh 1,000 kwenda na sh 1,000 kurudi, atatumia sh 52,000 barabarani. Unafuu wote umekwisha na bado ameongeza sh 32,000. Anayekwenda mara mbili kwa wiki atatumia takriban sh 16,000, hivyo huyo chumba cha pembeni kinamfaa. Mwenye baiskeli, na Tabora ni wengi, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Jambo hili si geni Unyanyembe. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipotua hapa ikielekea Ujiji, wafanyabiashara hawakubanana mahali pamoja. Tembe zao zilitawanyika, nyingine zikiwa Kwihara, nje ya mji wa sasa, ambako Stanley alikaa mwaka 1871. Pembe za ndovu hazikuuzwa kila siku; zilingoja msafara wa kurudi pwani. Mwenye mzigo wa kungoja alihitaji ghala, maji na shamba la kulisha watu wake. Mwenye magunia ya karanga anayesubiri bei ipande yuko katika hali hiyo hiyo.

Aidha, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Kwa mfano ule ule, Kitete itadai sh 350,000 siku ya kwanza na pembeni sh 210,000. Tofauti ya sh 140,000 ni mtaji. Kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, fedha hiyo ikishaingia kwa mwenye nyumba hainunui tena ndoo hata moja ya asali, na wengi hulitambua hilo mwezi wa pili.

Chumba cha kuhifadhia mazao kikaguliwe wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, paa linapojieleza lenyewe. Wapangaji waliopo waulizwe kuhusu maji, na LUKU ni ya nani, maana mita moja ya vyumba sita huzaa ugomvi kila wiki. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa, na stakabadhi ionyeshe miezi iliyolipiwa pamoja na tarehe ya mwisho.