USIMAMIZI WA HUDUMA ZA KOMPYUTA SERIKALINI: WAJIBU NI WA NANI?

Mwananchi afikapo dirishani kuomba cheti cha kuzaliwa, mara nyingine huambiwa kwamba mtandao umekatika, arudi kesho. Kwake yeye huduma ni moja tu: ama amepata cheti, ama amekosa. Lakini nyuma ya dirisha hilo huduma hutegemea umeme, njia ya mawasiliano, seva, programu, na mtumishi anayevitumia. Kila kimoja huweza kuwa na mwenyewe. Huduma ikisimama, fundi wa mtandao husema njia yake ni nzima, mwenye programu husema kosa halimo kwake, na ofisi hubaki ikipiga simu huku na huko. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tatizo hili si la visiwani peke yake. Nchini Uingereza, wakala wa serikali ulioshughulikia kompyuta na mawasiliano, CCTA, ulianza kutoa vitabu vya mwongozo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwongozo huo hujulikana kwa kifupi ITIL. Msingi wake ni kwamba taasisi isiridhike kuhesabu mashine ilizonazo, bali isimamie huduma ambazo mashine hizo huwapatia watu. Mwaka 2005 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha usimamizi huo, ISO/IEC 20000. Kwa kuwa taasisi nyingi hununua huduma kwa makampuni kadhaa, uliibuka pia utaratibu wa kuwaunganisha watoa huduma wote chini ya msimamizi mmoja. Mambo yafuatayo ndiyo nguzo zake.

Kwanza, liwepo dawati moja la huduma. Kila hitilafu ipokelewe hapo, iandikwe na ipewe nambari. Dawati libaki na dhamana hadi huduma irejee, hata kama ufundi wenyewe unafanywa na kampuni ya nje.

Pili, tukio litofautishwe na tatizo. Programu ikikwama kila mwisho wa mwezi, kuzima na kuwasha seva hurejesha huduma; hilo ni kumaliza tukio. Tatizo haliishi mpaka chanzo kijulikane na kiondolewe.

Tatu, mabadiliko yadhibitiwe. Pasiwe na fundi anayebadili programu au mipangilio bila idhini, bila kuwaarifu wanaohusika na bila njia ya kurejea hali ya awali.

Nne, liwepo daftari la vifaa, programu, leseni na mikataba, linaloonyesha kipi hutegemea kipi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tano, mikataba ioane. Ofisi haiwezi kuwaahidi wananchi kwamba huduma itarejea ndani ya saa 2 ilhali mkataba wa mtoa huduma unamruhusu siku 3.

Aidha, kila taasisi ijiandae kwa siku ya dhiki. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kukosekana kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, wala giza la takriban miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Ofisi yenye tahadhari huweka nakala za kumbukumbu zake katika jengo jingine, huzijaribu kama zinasomeka, na huwa na fomu za karatasi za kuendeshea kazi kwa muda. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haifai kutegemewa.

Mwaka 2019 Zanzibar ilitunga sheria iliyoanzisha taasisi ya Serikali Mtandao, eGAZ. Hata hivyo, kuwepo kwa chombo cha pamoja hakumwondolei mkuu wa taasisi wajibu wake. Mitambo yaweza kuwa mikononi mwa wengine, na kazi yaweza kukabidhiwa kampuni, lakini dhamana mbele ya mwananchi haikabidhiwi.

Kwa hiyo watumishi wanahimizwa kuripoti hitilafu badala ya kuzizoea, na wananchi waulize nambari ya taarifa yao pamoja na muda wa kurejea kwa huduma. Anayesafiri kutoka Makunduchi au Nungwi kufuata cheti mjini anastahili jibu lililo wazi kabla ya kupanda gari kurudi kwao.