Kabla Mtoto Hajasema

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakija kwetu Sepuka, wilayani Ikungi, likizo hushtuka kuona kichanga kisichoweza hata kukaa kimeshikwa uani kijisaidie. "Jamani, mnamwonea! Si bado mdogo?" Wamesoma kwenye simu kwamba mtoto husubiriwa mpaka aoneshe mwenyewe kuwa yu tayari, mwaka na nusu au zaidi. Ushauri huo ulipewa nguvu na daktari wa Marekani, T. Berry Brazelton, mwaka 1962, aliyewaona wazazi wa kwao wakiwalazimisha watoto kupita kiasi. Alikuwa na sababu zake. Ila aliwaandikia watu wenye mashine za kufulia.

Huku Ikungi maji ya kiangazi hufuatwa kwa foleni, ndoo kichwani. Nani angeyamalizia kwenye nepi? Mama wa Kinyaturu alishinda na mwanawe mgongoni, na mgongo ulimwambia mengi. Mtoto akikunja miguu, akijinyonganyonga, au akiacha ziwa ghafla bila kushiba, mama hufungua kanga upesi. Huketi chini, akanyoosha miguu na kuzibananisha nyayo, akampakata mtoto juu yake, uso ukitazama mbele, mapaja ameyashika kwa viganja. Kisha humpigia mluzi mdogo wa midomo: shiii, shiii. Hana haraka wala hagombi. Haja ikitoka, humsifu. Isipotoka, humrudisha mgongoni na kuendelea kupalilia mtama. Asubuhi akiamka na kila baada ya kunyonya, hivyo hivyo, mpaka mlio wenyewe unatosha.

Anayedhani hizi ni hadithi za bibi atafute makala ya deVries na mwenzake ya mwaka 1977 kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya: huko mama alianza wiki za mwanzo, na mtoto wa miezi mitano au sita alitarajiwa kuwa mkavu mchana na usiku. Kwa hiyo utayari si wa mtoto peke yake. Nusu yake ni ya anayembeba.

Desturi ya kumwaibisha kikojozi mkubwa mbele ya wenzake siitetei, na ikifa sitaililia.

Manesi nao wana haki katika jambo moja: kinyesi cha kichanga kilihesabiwa si uchafu, kikafukiwa kijuujuu kwa jembe au kikaachiwa kuku. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza vyoo, lakini shimo la choo ni la kutisha kwa mtoto wa miaka miwili, naye huendelea kwenda nyuma ya zizi akimfuata kaka yake. Poti ya plastiki, ikimwagwa chooni, ingemaliza shida hiyo.

Badala yake imekuja pampasi, inayouzwa dukani mojamoja kama sigara. Simlaumu mama anayeshinda mnadani na kumwachia dada wa kazi mtoto. Linaloniuma ni kumwona mama aliye nyumbani kutwa akimfunga mwanawe plastiki kwenye jua la Oktoba, mapaja yakavimba vipele, halafu akauliza ataanza lini kumzoesha, huku bibi yake mtoto, aliyelea wote waliomo uani humo, ameketi hatua tatu kutoka hapo na hakuna anayempa mtoto ampakate.