Kusoma Ujumbe wa Hitilafu: Sarufi ya Barua Iliyorudi na Faili Lisilofunguka

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, wapo wengi miongoni mwetu walio hodari wa kuchambua riwaya na diwani, lakini tarakilishi ikiwaletea mistari mitatu ya kuwaarifu kwamba barua pepe yao haikufika, huifuta papo hapo bila kuisoma. Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayetuma ikisiri ya kongamano saa chache kabla ya muda kufungwa. Barua inarudi. Anaituma tena, nayo inarudi tena. Kunakucha, na jina lake halimo katika orodha ya watoa mada. Mwanafunzi huyu hakupungukiwa na maarifa ya taaluma yake. Alichokosa ni kuisoma matini fupi iliyomweleza bayana kilichoharibika.

Makala haya yanakusudia kufafanua hitilafu zinazotokea mara kwa mara katika barua pepe za kikazi na katika programu za ofisi zinazohifadhi kazi kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali zinazofikiwa kupitia intaneti. Msimamo wetu ni kwamba ujumbe wa hitilafu ni matini kama matini nyingine: una sarufi yake, una muktadha wake, na fasiri yake inawezekana.

Mofolojia ya msimbo

Barua pepe husafirishwa kutoka seva moja hadi nyingine kwa kufuata itifaki ya SMTP, ambayo kanuni zake zilichapishwa na Jonathan Postel mwaka 1982. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, seva inayopokea hujibu kwa nambari ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ikiwa ni 2, ombi limekubaliwa. Ikiwa ni 4, limekataliwa kwa muda tu, na seva iliyotuma itajaribu tena yenyewe. Ikiwa ni 5, limekataliwa kabisa. Hapa ndipo pana funzo la kwanza: penye 4, subiri, penye 5, usitume tena kabla ya kurekebisha kosa. Kuituma barua ileile mara kumi baada ya kupata 5 ni kutwanga maji kinuni.

Aghalabu nambari hiyo hufuatwa na msimbo wa sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, mathalani 5.1.1. Mwanaisimu hatatatizika hapa. Kama vile kitenzi “hatukusoma” kinavyobeba ukanushi, nafsi, wakati, mzizi na kiishio, kila kimoja mahali pake, ndivyo msimbo huu unavyobeba maana kwa nafasi. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kushindwa. Ya pili hutaja eneo la tatizo: 1 ni anwani, 2 ni kikasha cha mpokeaji, 3 ni mfumo wa barua, 4 ni mtandao na njia, 5 ni itifaki, 6 ni maudhui, na 7 ni usalama au sera. Sehemu ya tatu hutoa undani zaidi. Hebu tutazame mifano minne.

Kwanza, 5.1.1 humaanisha kwamba kikasha ulichokiandikia hakipo. Kagua tahajia ya anwani, herufi kwa herufi. Vyuo vikuu vyetu hutumia kikoa kinachoishia kwa ac.ke, ilhali kampuni nyingi hutumia co.ke, ukibadilisha kimoja kwa kingine, barua hurudi au humfikia mtu usiyemjua. Aidha, anwani iliyonakiliwa kutoka tangazo huweza kuja na nukta ya mwisho wa sentensi, ambayo si sehemu yake.

Pili, 4.2.2 au 5.2.2 ni kikasha kilichojaa. Wengi hukimbilia kufuta barua zao wenyewe, ilhali kilichojaa ni kikasha cha mpokeaji. Dawa yake ni kumpigia simu au kumtafuta kwa anwani nyingine.

Tatu, 5.3.4 ni barua iliyozidi ukubwa. Gmail, kwa mfano, huruhusu megabaiti 25. Lakini msomaji atashangaa faili la megabaiti 20 likirudishwa na baadhi ya seva zenye kikomo hichohicho. Sababu ni kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida kabla ya kusafirishwa, na ugeuzaji huo huongeza takriban thuluthi moja ya ukubwa. Faili la megabaiti 20 husafiri likiwa na megabaiti 27 hivi. Punguza ukubwa wa picha zilizomo, au liweke kwenye wingu na kutuma kiungo.

Nne, misimbo inayoanza na 5.7 huhusu sera. Seva ya mpokeaji haikuridhika kwamba barua imetoka kwa anayedaiwa kuituma. Uthibitisho huo una nguzo tatu. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa fulani. DKIM ni muhuri wa kidijitali unaoonyesha kwamba barua haikuguswa njiani. Nayo DMARC ni agizo la mwenye kikoa kuhusu hatua ya kuchukua barua isipofaulu majaribio hayo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekuwa zikimtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma barua kwa wingi wawe na zote tatu. Chama cha wanafunzi chenye kikoa chake, kinachowaandikia wanachama wote kwa pamoja, kisipozingatia haya kitapata mialiko yake ikiangukia katika kikasha cha barua taka. Kosa hili halirekebishwi na mwandishi wa barua. Hurekebishwa na msimamizi wa kikoa.

Nywila sahihi inayokataliwa

Lipo tatizo lingine linalozua ubishi ofisini: mtumiaji anaingiza nywila sahihi, lakini programu ya zamani ya barua inashikilia kwamba ni ya makosa. Akifungua barua zilezile kupitia kivinjari, anaingia bila taabu. Kiini chake ni kwamba kuanzia mwaka 2022, Google na Microsoft zilianza kuzima utaratibu wa kale wa programu kutuma jina na nywila peke yake. Programu isiyojua utaratibu mpya hukataliwa hata nywila ikiwa sahihi. Suluhisho ni kusasisha programu. Kubadilisha nywila kila juma hakusaidii kitu.

Hitilafu za mafaili ya wingu

Tukigeukia hati za pamoja, kosa la kwanza ni kudhani kwamba kiungo ni ruhusa. Kiungo ni anwani ya nyumba, ruhusa ni ufunguo. Mhadhiri anayepokea kiungo cha tasnifu na kuambiwa aombe idhini hana kosa. Mwanafunzi ndiye hakumfungulia. Kabla ya kutuma, amua kama msomaji atatazama tu, atatoa maoni, au atahariri. Isitoshe, wengi wana akaunti mbili, ya chuo na ya binafsi. Ruhusa ikitolewa kwa moja, huku kivinjari kimefunguliwa kwa nyingine, mlango haufunguki. Tazama picha au herufi iliyo pembeni juu ya ukurasa ujue umeingia kwa akaunti ipi.

Kosa la pili ni mgongano wa nakala. Mtu anahariri sura kwenye kipakatalishi kisicho na intaneti, kisha anaihariri tena kwenye rununu. Mtandao unaporejea, programu huweza kuhifadhi nakala mbili, moja ikiwa imebandikwa jina la tarakilishi. Usifute yoyote kwa pupa. Zilinganishe, kisha utumie historia ya matoleo, ambayo huwezesha kuirejesha hati kama ilivyokuwa jana au juma lililopita. Chombo hiki kimeziokoa sura nyingi zilizodhaniwa zimepotea, lakini hakimfai asiyejua kwamba kipo.

Kosa la tatu ni nafasi kujaa. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15 zinazogawanywa baina ya barua, mafaili na picha. Zikijaa, barua mpya hazipokelewi. Picha za video za harusi huweza hivyo kuzuia barua ya ufadhili wa masomo. Kwa upande wa taasisi, Google ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingekomesha hifadhi isiyo na kikomo kwa vyuo; kuanzia Julai 2022 kila taasisi ilianza na terabaiti 100 za kugawana. Basi mhitimu asiiache tasnifu yake katika akaunti ya chuo pekee, kwani huenda akaunti hiyo ikafungwa baada ya mahafali.

Kosa la nne linatuhusu sisi hasa. Kalenda za programu hizi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko. Anayealikwa mkutano wa “saa tatu” na kuingiza 3:00 katika kalenda atakumbushwa usiku wakati watu wamelala. Andika “saa tatu asubuhi”, uingize 9:00, na uhakikishe kwamba majira yaliyochaguliwa ni ya Nairobi.

Hitilafu bandia

Si kila ujumbe wa hitilafu ni wa kweli. Walaghai wamekwisha kutambua kwamba watu huuogopa. Huandika kwamba kikasha chako kimejaa, kwamba utafungiwa leo, kisha hukupa kiungo cha kuingiza nywila. Ujumbe wa kweli wa barua iliyorudi hutaja anwani uliyoiandikia na hubeba msimbo. Haukuombi nywila. Ukiwa na shaka, usibofye. Fungua akaunti yako kwa njia uliyozoea.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Jitihada hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu haipungukiwi na istilahi za teknolojia. Linalotatiza ni matumizi: huku tunasema tarakilishi, kwingine kompyuta, huyu ana nywila, yule ana nenosiri. Tofauti hizi si aibu, mradi anayeeleza hitilafu na anayeirekebisha waelewane. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ni haki ya mwananchi anayeomba kazi au huduma kwa barua pepe aelezwe kwa Kiswahili kwa nini barua yake imerudi, na sisi tunaosomea lugha hii ndio wa kuitimiza haki hiyo.

Hitimisho

Kwa kutamatisha, tunapendekeza kwamba kila anayeripoti hitilafu aandike mambo manne: msimbo kamili, saa ilipotokea, anwani au faili lililohusika, na alichokuwa akifanya wakati huo. “Barua haiendi” ni kilio kisichomsaidia fundi. “Nimepata 5.1.1 saa nne asubuhi nikimwandikia mratibu wa kongamano” ni maelezo yanayotibika. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza kwa kubandika kwenye maktaba karatasi moja tu yenye misimbo hii na fasiri zake. Kazi hiyo haihitaji fedha, na yamkini itamwokoa mwanafunzi mmoja kabla ya muda wa maombi kufungwa.