Laki tatu mfukoni na unataka gari? Usizimalize zote kwa muuzaji

UMEPIGA hesabu. Kazi umeishikilia mwaka wa tatu sasa, chama kimekulipa mzunguko wako na akaunti ya Sacco imefika Sh300,000. Matatu imekuchosha. Mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu, na ukitoka shifti ya usiku hujui utafikaje nyumbani. Kila jioni unapitia picha za Toyota Starlet na Corolla 110 kwenye simu, na kila tangazo linaimba wimbo mmoja: "Injini iko sawa, hakuna kitu ya kufanya, ni kuingia tu na kwenda."

Kijana mwenzangu, tangazo hilo lina nusu ya ukweli. Gari la bei hiyo lipo, na linaweza kukuhudumia miaka mingi. Lakini gari kuukuu huwa na bei mbili: ile unayompa muuzaji na ile utakayompa fundi. Anayemaliza pesa zote kwenye bei ya kwanza ndiye unayemwona amepaki gari nyuma ya ploti miezi sita, tairi zimelala, watoto wanalichezea, naye anapanda matatu kama zamani.

Kwa hivyo, kabla hatujafungua boneti, tuzigawe hizo laki tatu. Chukua theluthi moja uiweke kando na ujifanye huna. Tafuta gari la laki mbili au karibu na hapo. Laki moja inayobaki ni ya kubadilisha umiliki, bima na matengenezo ya kwanza. Ukimwona broka anakusukuma uongeze "kidogo tu" ili upate lenye rangi nzuri, jua anakula pesa ya breki zako.

Chagua spea kabla ya gari

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba Starlet unayoitamani haikushuka meli Mombasa jana. Imekaa nchini miaka na mikaka na imepita mikononi mwa watu kadhaa. Herufi za namba yake zinakuonyesha iliposajiliwa hapa Kenya, si mwaka ilipotengenezwa. Gari la 1998 linaweza kubeba namba iliyotolewa miaka saba baadaye, kwa hivyo usidanganywe na namba.

Sababu ya magari haya kupendwa si sura. Starlet za 1996 hadi 1999 zina injini ndogo ya 4E-FE ya cc 1,300, na 110 nyingi zina 5A-FE ya cc 1,500. Fundi wa Kisumu anazijua, wa Garissa anazijua, na spea zake zinapatikana hata kwenye vituo vidogo vya barabarani. Nissan B14 na B15 nazo zina wateja wake kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa utakutana na mtego. Utaona gari kubwa la Ulaya, viti vya ngozi, linauzwa bei sawa na Starlet. Moyo utadunda. Jiulize kwa nini bei imeshuka hivyo. Gari huzeeka, lakini bei ya spea zake haizeeki. Utanunua gari kwa bei ya mlalahoi na kulitunza kwa bei ya waziri.

Na kama wazo lako ni kuliingiza kwenye teksi za programu za simu, uliza kwanza. Kampuni hizo huweka masharti kuhusu mwaka wa gari, na haya ya miaka ya tisini huenda yasikubaliwe.

Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni moto, kuna jambo alikuwa analificha, labda injini hukataa kuwaka ikiwa baridi. Mwambie utarudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta. (Usikifungue kamwe injini ikiwa moto, maji yatakuunguza uso.) Ukikuta maji ya kutu yenye mafuta yanayoelea, hiyo ni dalili mbaya. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kesi kubwa, hubadilishwa. Lakini oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maana maji na oili vimekutana, na mara nyingi gasketi ya kichwa cha injini imekufa. Hapo usibishane bei. Ondoka.

Angalia kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Mafundi wetu wana mazoea ya kung'oa thamostati gari linapochemka, na kuunga waya za feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Ukiwasha gari na feni ianze papo hapo kabla injini haijapata joto, huku eakondisheni imezimwa, uliza kwa nini. Mara nyingi gari hilo lilikuwa linachemka, na ugonjwa haukutibiwa, ulifunikwa.

Kisha tazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani. Mweusi ni petroli inayomwagwa ovyo, na huo mara nyingi hutibika.

Kilomita za kwenye dashibodi zisome kama hadithi, kwa sababu hurudishwa nyuma. Ukweli uko kwenye raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 90,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma.

Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa. Ipitishe kwenye milango na juu ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna ajali au kutu. Inua kapeti, inua pia kifuniko cha tairi la ziada kwenye buti. Magari yaliyoishi Pwani huliwa na kutu ya hewa ya chumvi kuanzia chini. Na tangu mafuriko ya 2024 yalipozamisha magari mengi, nusa pia. Harufu ya unyevu na tope kavu kwenye reli za viti ni ushahidi kwamba gari lilioga, na nyaya zake zitakusumbua siku zote.

Sasa liendeshe. Zungusha usukani hadi mwisho na usonge polepole: ukisikia tak-tak-tak kwenye gurudumu, shafti imechoka. Panda kilima. Kwenye barabara tupu, funga breki na uone kama linavuta upande mmoja. Kama ni otomatiki, weka gea na uhesabu: likikawia kushika au likiruka kwa kishindo, giaboksi inakuaga.

Kwa kazi hii yote nenda na fundi wako, umlipe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana matajiri wawili, na wewe ndiye mgeni.

Gari ni karatasi

Hapa ndipo vijana wengi hulia. Injini mbovu itakula pesa zako polepole. Karatasi mbovu zitachukua gari lote kwa siku moja.

Kabla ya kulipa hata senti ya kushikilia gari, fanya utafutaji wa rekodi za gari hilo katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini na kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa kutumia gari hilo. Mikopo ya logbuku ni mingi mno nchini. Jina la mkopeshaji likiwa pamoja na la mmiliki, gari hilo si la muuzaji peke yake. Usiambiwe "nitamaliza kulipa ukinipa pesa." Amalize kwanza.

Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye rekodi na iliyopigwa kwenye mwili wa gari. Ikiwa imekwaruzwa au imezungukwa na alama za kulehemu, usiguse gari hilo.

Halafu kuna maneno haya: "Logbuku iko na jina ya mwenyewe wa zamani, lakini hakuna shida." Shida ipo. Sheria ya Trafiki humchukulia mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hairuhusu gari liendelee kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Fikiria mwenye jina akifariki. Gari unalolifuta vumbi kila asubuhi linageuka mali ya urithi, na familia usiyoijua inakuja kulidai. Au agombane na broka, aripoti limeibwa, nawe usimamishwe kwenye kizuizi cha polisi.

Kwa hivyo kutana na mwenye jina ana kwa ana. Andikeni mkataba mbele ya wakili, nakala za vitambulisho na PIN za KRA zikiwepo. Lipa kupitia benki au M-Pesa ili ushahidi ubaki, na muuzaji aanzishe uhamisho kwenye mfumo mkiwa mmeketi pamoja, wewe uukubali papo hapo. Mambo ya "nitakufanyia Jumatatu" yaache.

Bima nayo ni lazima. Kampuni nyingi husita kuyapa magari ya umri huu bima kamili, kwa hivyo huenda utaishia kuchukua ile ya mtu wa tatu, ambayo hata ya mwezi mmoja mmoja hupatikana. Ielewe vizuri: inamlipa utakayemgonga. Gari lako likiibwa au likiviringika, huna chako. Ndiyo maana hupaswi kukopa ili ununue gari la namna hii.

Lisimame kwanza, lipendeze mwisho

Gari sasa ni lako, na ile laki iliyopungua kidogo bado iko. Marafiki watakwambia uanze na rimu, muziki na vioo vyeusi. Wasikilize, utabasamu, halafu ufuate mpango huu.

Kwanza, lisimame. Gari likikataa kuwaka utachelewa kazini. Likikataa kusimama, hutafika, na huenda utamchukua mtu mwingine uende naye. Badilisha pedi na mafuta ya breki, kagua paipu zake, hakikisha breki ya mkono inashika. Tazama tairi: kwenye ubavu kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi lenye meno mazuri lakini limekauka na kupasuka ubavuni ni hatari kama lililoisha. Taa na waipa pia ziwe sawa.

Pili, liishi. Mwaga oili, weka mpya na kichujio chake. Safisha mfumo wa maji, rudisha thamostati, weka kulanti badala ya maji ya mfereji, maana maji matupu ndiyo huzaa kutu ndani ya injini. Injini za Starlet na 110 huzungushwa na mkanda wa raba wa taimingi. Kama muuzaji hana risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. Weka mpya pamoja na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, litulie barabarani: bushi, bolijointi, shoki, kisha alaimenti. Rangi na muziki baadaye, kwa pesa ya miezi ijayo.

Ukienda Grogan au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta spea, beba ile kuukuu mkononi ulinganishe. Vitu vya mitumba kutoka Japan kama mlango, taa, altaneta au hata giaboksi si vibaya. Lakini vitu vinavyoshika uhai wako, yaani breki, tairi na mkanda wa taimingi, nunua vipya na ukatae feki. Ukiwa huko, chora namba ya gari lako kwenye vioo vya pembeni na taa. Ni pesa kidogo, na mwizi akiona namba huenda akahamia kwa jirani.

Fundi mlipe kwa kazi, si kwa ahadi. Nunua spea mwenyewe, mpe pesa ya ufundi ikikamilika, na udai zile za zamani uzione. Chukua Jumamosi ukae naye. Uliza, shika spana, chafuka. Ukijua kupima oili na maji kila wiki, kubadilisha plagi na tairi, hutakuwa mtu wa kutishwa na kila sauti.

Ukikagua magari matano na yote yakakosa sifa, hujapoteza muda. Umejifunza magari matano bila kununua hata moja. Broka atakupigia akwambie kuna mtu yuko njiani na pesa taslimu. Mwache huyo mtu anunue. Starlet bado zipo, na laki zako tatu bado ni tatu.