Rangi tatu zinamtosha mtoto wa darasa la kwanza

Wazazi wengi wakienda dukani kununua rangi za mtoto huangalia idadi. Boksi la rangi 12 linaonekana bora kuliko la rangi 6, na la rangi 24 ndilo la mtoto anayependwa zaidi. Mtoto akifika nyumbani anachovya kila kidonge, na baada ya siku chache vidonge vyote vimekuwa na rangi moja, ile ya tope la mtaani wakati wa masika. Mama anakasirika, boksi linafungiwa kabatini, na somo linaishia hapo.

Lakini mtoto huyo hakufanya utundu. Alichanganya rangi, na kuchanganya ndiyo msingi wa somo lenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye nusu saa na kumwonyesha namna.

Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 8, rangi tatu zinatosha kuanzia: nyekundu, njano na bluu. Ongeza nyeupe kama ipo. Nyeusi ifiche kwanza, kwa sababu watoto huikimbilia kila wanapotaka kufanya kitu kiwe cheusi kidogo, na tone moja tu humeza rangi nyingine zote.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Vifuniko vya chupa za maji au kipande cha trei ya mayai vinatosha kuwa vibakuli vya kuchanganyia. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine cha kuisuuza, pamoja na kitambaa kikuukuu cha kuifutia. Kanuni ya kwanza ya mchoraji mdogo ni hii: brashi haihami rangi kabla ya kuoshwa na kufutwa. Akiishika hiyo, nusu ya tope la kwenye boksi imekwisha.

Anza na rangi nyepesi

Kanuni ya pili ni mpangilio. Rangi nyepesi hutangulia, na nzito huongezwa kidogokidogo. Anayetaka kijani aweke njano kwanza, kisha atie bluu kwa ncha ya brashi. Akianza na bluu atahitaji njano nyingi sana kabla hajaona badiliko, na rangi itakwisha. Vivyo hivyo, anayetaka rangi ya waridi aanze na nyeupe, kisha atie nyekundu kidogo.

Usimwambie mapema kitakachotokea. Muulize, "Unadhani itakuwa rangi gani?" Mwache abahatishe, kisha achanganye aone mwenyewe. Mtoto aliyeiona chungwa ikizaliwa kutoka kwa nyekundu na njano haisahau, tofauti na yule aliyeikariri ubaoni.

Zambarau ndiyo inayowasumbua wengi. Kitabu kinasema nyekundu na bluu hutoa zambarau, lakini rangi za boksi mara nyingi hutoa kitu kilichofifia, karibu na kahawia. Mtoto hajakosea. Nyekundu nyingi huelekea kwenye chungwa, yaani ni kama zina njano ndani yake, na rangi zote tatu zikikutana huzaa kahawia. Waridi iliyokolea ikikutana na bluu hutoa zambarau safi zaidi. Ndiyo maana mitambo ya kuchapa magazeti haitumii nyekundu ya kawaida, bali hutumia waridi iliyokolea, samawati, njano na nyeusi.

Zoezi la majani matano

Ukiwa na zoezi moja tu la kumpa mtoto, mpe hili. Mtume nje alete majani matano ya mimea tofauti: mchicha, mgomba, mwembe, mpapai, na hata jani lililoanza kukauka. Ayapange mezani, kisha atengeneze kijani cha kila moja kwa njano, bluu na, panapohitajika, nyekundu kidogo sana.

Hapo ndipo atakapogundua kwamba kijani si kimoja. Jani changa la mwembe huwa na wekundu au ukahawia, lakini likikomaa huwa kijani kizito. Jani changa la mgomba lina njano nyingi. Atajua pia kwamba nyekundu kidogo hupunguza ukali wa kijani na kukifanya kifanane na cha jani halisi. Hili si somo la sanaa pekee. Mtoto anajifunza kutazama kitu kilivyo, kukilinganisha na kingine na kurekebisha kazi yake, na uwezo huohuo ndio atakaouhitaji kwenye sayansi na hesabu.

Lugha ya Kiswahili nayo inamsaidia mwalimu. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo zenye shina lake la rangi, na nyingi kati ya zilizobaki zimepewa majina ya vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, njano kwenye manjano ya mchuzi, na zambarau kwenye tunda lenyewe. Mwambie mtoto alete vitu hivyo mezani, na kila jina litapata sura.

Rangi zilizoko jikoni

Pale ambapo hela ya rangi haipo, jiko linaweza kusaidia. Manjano ya unga yakikorogwa kwa maji kidogo hutoa njano kali. Mkaa uliosagwa laini hutoa nyeusi, na kiazisukari chekundu hutoa waridi. Uji mwepesi wa unga wa ngano huzisaidia kushika kwenye karatasi.

Kuna na la kushangaza. Anayefua nguo zenye doa la manjano anajua kwamba likiguswa na sabuni hugeuka jekundu kama kutu. Maji ya rozela nayo huwa mekundu zaidi yakitiwa limao, na hugeuka kuelekea bluu au kijani yakitiwa magadi. Mtu mzima ndiye ashike magadi, mtoto atazame. Rangi za mimea hufifia zikikaa juani, na hilo pia ni funzo.

Mtoto mdadisi anaweza kuuliza kuhusu simu, maana kioo cha simu hutengeneza picha kwa taa ndogo sana za nyekundu, kijani na bluu. Zikiwaka zote kwa nguvu, jicho huona nyeupe. Mwanga ukichanganywa huongezeka, lakini rangi za kupaka zikichanganywa hunyonya mwanga, ndiyo maana huishia kwenye kahawia na weusi.

Ng'ombe wa zambarau

Swali linalozima vipaji vingi nyumbani ni hili: "Wewe uliona wapi ng'ombe wa zambarau?" Mtoto akiulizwa hivyo mara tatu, mara ya nne atachora ng'ombe anayemfurahisha mzazi, na baadaye ataacha kuchora.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea uchoraji chuoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam juu ya vipande vya ubao, kwa rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa kazi nyingine. Hakujifunga na rangi ambazo wanyama wale walikuwa nazo porini. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limebaki kuwa jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana duniani.

Badala ya kukosoa, sema, "Nieleze hii picha." Mara nyingi ng'ombe ni wa zambarau kwa sababu ni usiku, au kwa sababu mtoto ameivumbua zambarau leo na hana pengine pa kuiweka.

Akichanganya vibaya kila mara

Lipo jambo moja ambalo mzazi asilipuuze. Mtoto anayepaka majani kahawia na udongo kijani bila kujua, au anayeshindwa kutofautisha nyanya mbivu na mbichi kwa rangi peke yake, huenda ana upofu wa rangi. Hali hii mara nyingi hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Wengi wao huona vizuri kabisa, ila nyekundu na kijani zinawachanganya.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kuchapwa au kuchekwa darasani kwa uzembe ambao si wake. Mpeleke kwa mtaalamu wa macho apimwe, kisha mweleze mwalimu. Hali ya kurithi haina dawa, lakini kuandika jina la rangi kwenye kila kalamu kunamwondolea mtoto aibu.

Mwisho ni usalama. Rangi za mafuta za kupaka milango na mageti, pamoja na thina yake, si za watoto. Baadhi ya rangi hizo huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Chagua rangi za maji zilizoandikwa kwamba ni za watoto, na hakikisha mtoto ananawa mikono kabla ya kula.

Jumamosi hii tandaza gazeti la zamani mezani, toa rangi tatu na vikombe viwili vya maji. Picha ikikauka, andika jina la mtoto na tarehe nyuma yake, kisha ibandike ukutani mahali ambapo mgeni ataiona.